Majibu ya kinyama yasomwe na wataalamu wawili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie majibu ya kinyama, yaani ile sehemu ndogo ya uvimbe inayokatwa na kupelekwa maabara kuchunguzwa kama ni saratani. Wagonjwa wengi huyapokea kana kwamba yametolewa na mashine, ilhali ni maoni ya daktari bingwa wa patholojia aliyeinamia hadubini, na mabingwa hutofautiana.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 uliwapa wataalamu 115 slaidi (vioo vidogo vyenye vipande vyembamba) za vinyama vya matiti, kisha majibu yao yakalinganishwa na ya jopo la mabingwa wenzao. Penye saratani iliyokwisha kupenya nyama za jirani, walikubaliana na jopo kwa asilimia 96; penye seli zilizobadilika lakini ambazo bado si saratani, kwa asilimia 48 tu. Hapo ndipo panapohitaji ulinzi. Mwaka huohuo vyama viwili vya wanapatholojia wa huko vilipendekeza kwamba kila maabara iwe na utaratibu wa kupitia upya vinyama vya aina maalumu, mapema kiasi cha kumfaa mgonjwa, na iweke kumbukumbu.

Nitaambiwa kwamba Tanzania mabingwa hao ni wachache. Ni kweli, lakini sisemi kila kinyama kirudiwe. Wizara ya Afya iainishe vile vyenye utata, na hospitali yenye bingwa mmoja itume picha za slaidi kwa mwenzake wa mkoa mwingine kwa njia ya mtandao kabla titi halijaondolewa. Jina la msomaji wa pili liandikwe kwenye majibu.

Lawama zote, hata hivyo, zisiangukie maabara. Fomu nyingi hufika huko na neno moja tu, "uvimbe", sehemu ya historia ya mgonjwa ikiwa tupu. Kwenye mfupa hilo ni hatari: uvimbe wa seli kubwa na ule unaoletwa na tezi za paratiroidi (tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu mwilini) zinazofanya kazi kupita kiasi hukaribia kufanana kabisa chini ya hadubini, ingawa tiba zake ni tofauti, na kinachovitenganisha ni kipimo cha kalsiamu na homoni ya tezi hizo katika damu. Maabara inayopokea kinyama cha mfupa bila picha ya eksirei wala vipimo hivyo iruhusiwe kumpigia simu daktari aliyekituma, na isitoe jibu hadi avilete.

Wako,
Msomaji, Morogoro