Barua ya wazi kwa shangazi aliyeuliza "wanakulipa shilingi ngapi?"

Shikamoo, shangazi.

Swali lako kwenye kundi la familia nimeliona, na vicheko vilivyofuata nimeviona pia. Kwa kazi ninayojitolea kwenye rola dabi, mchezo wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu na kugongana, hawanilipi hata senti. Wachezaji nao hawalipwi, tena wao ndio wanaotoa ada ya kila mwezi, bima na nauli. Nakujibu hadharani kwa sababu wanaoniuliza ni wengi, ila wewe uliyecheza netiboli ya SHIMIWI, michezo ya watumishi wa wizara za serikali, ulipaswa kuwa wa mwisho kushangaa.

Rola dabi ilianza kama biashara ya mtu. Mwaka 1935, Marekani ikiwa hoi kiuchumi, Leo Seltzer aliwakusanya watu Chicago, mwanamume na mwanamke kwa kila jozi, wakazunguka ukumbini kwa viatu vya magurudumu hadi watimize maili za kuivuka nchi nzima. Watazamaji walishangilia zaidi pale watu walipogongana na kuanguka, basi kugongana kukawa ndio mchezo wenyewe. Televisheni ilipokuja, ukavuma kweli. Mwaka 1973 mwanawe, Jerry, akafunga biashara, na mchezo ukafa yeye mwenyewe akiwa bado hai.

Wanawake wa Austin, Texas, ndio waliouamsha mwaka 2001. Hata hapo alitangulia mwanamume mmoja mwenye mipango mingi: akawaita, zikachangishwa pesa, ukazuka mgogoro juu ya pesa hizo, akaondoka zake. (Hadithi ya vikundi vyetu vya kuchangishana, sivyo?) Waliobaki wakaendelea bila yeye. Mwaka 2003 nao wakagawanyika, na wengi waliojitoa wakataka ligi iwe mali ya wanaocheza. Hawakuutaka uwanja wa mbao wenye kingo zilizoinuka, wakachagua sakafu tambarare.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Uwanja wa mbao unadai tajiri wa kuununua na ghala la kuuhifadhi. Wa sakafuni unadai kamba na utepe. Kamba nyembamba inalazwa kufuata mduara uliorefushwa, kisha utepe wa rangi kali unabandikwa juu yake, ili mchezaji auhisi mpaka kwa gurudumu bila kuinamisha macho. Kazi hiyo tunaifanya kwa magoti, alfajiri, ukumbi ukiwa bado baridi. Zile picha ulizosema nimechoka kama mtu aliyetoka shamba zilipigwa baada ya utepe, siyo baada ya mechi.

Kwa gharama hiyo ligi zilichipuka mji baada ya mji. Mwaka 2004 zikaanza kuwasiliana, zikaunda chama, ambacho leo ni WFTDA (chama cha rola dabi ya wanawake ya sakafu tambarare), na Februari 2006 ligi ya Tucson, Arizona, ikakaribisha mashindano ya kwanza ya kitaifa. Waliyaita Dust Devil. Timu 20, siku tatu. Texas walitwaa ubingwa kwa kuwafunga wenyeji wenyewe kwenye fainali. Fikiria shangazi: ligi yako ndiyo mwenyeji wa watu wote hao, na bado timu yako inafika fainali! Ni kama kuwa bibi harusi na mpishi siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kombe la Dunia la kwanza lilifanyika Toronto mwaka 2011 kwa timu 13, la pili Dallas mwaka 2014 kwa timu 30, la tatu Manchester mwaka 2018 kwa timu 38. Korona ikasimamisha kila kitu mwaka 2020.

Sitakudanganya kwamba kujitolea ni raha tupu. Mechi moja inataka marefa hadi saba wanaoteleza na magurudumu, pamoja na kundi la watu wa kuandika pointi, kuhesabu makosa na kushika saa. Ligi ikikosa watu, mzigo unawaangukia wale wale, nao huishia kuukimbia mchezo. Wanaokunja viti usiku nawajua kwa majina, na si wengi. Naona ligi zinawasifu mno mabingwa na kuwasahau wakunja viti.

Mimi nashika saa kwenye benchi la adhabu. Kila timu inaingiza watano. Mmoja ana nyota kwenye kofia, na akishalipita kundi mara ya kwanza, anapata pointi kwa kila mpinzani anayempita. Raundi haizidi dakika mbili. Aliyecheza faulo anakuja kwangu kukaa sekunde 30. Zikibaki 10 namwambia asimame, zikiisha anarudi. Mwenye nyota akikaa, timu yake haina wa kufunga, na benchi lao lote linaitazama saa yangu. Mwenye nyota wa upande wa pili naye akiletwa, yule wa kwanza anaachiwa mapema, na wa pili anakaa muda ule ule tu aliokaa mwenzake. Hesabu hiyo naipiga huku watu wazima wawili wanahema karibu na sikio langu.

Jumamosi tunacheza nyumbani na mechi itaonyeshwa mtandaoni. Kwenu itakuwa usiku. Usinitafute kati ya wanaokimbia. Tazama upande wa benchi, mwenye saa mbili shingoni.