Kwa Nini Chupa Safi ya Mnanaa Huchafuka Ghafla

Wateja wetu wa miche ya tishu (inayooteshwa maabara, chupani, kutokana na vipande vidogo vya mmea) hutuuliza hili mara kwa mara: mnanaa umekaa chupani vizuri, umekatwa na kuhamishwa mara mbili tatu bila shida, kisha ghafla kitako cha shina kinazungukwa na wingu jeupe kama maziwa ndani ya agari, ile jeli ya chakula inayoushikilia mmea. Wengi hudhani kuna mtu kakohoa juu ya chupa. Mara nyingi sivyo.

Ukungu ukiingia hujitangaza kwa manyoya yake baada ya siku chache. Wingu hilo ni la bakteria, nao walikuwemo tangu mmea ukiwa shambani, kwenye mishipa na katikati ya seli, ambako ethanoli ya asilimia 70 na klorini hazifiki. Dawa hizo huosha ngozi tu, na hata hapo kuna kazi: majani ya mnanaa na oregano yana vinyweleo vinavyoshika mapovu ya hewa, ndiyo maana tunatia tone la sabuni na kutikisa chombo. Harufu kali isikudanganye pia. Mafuta ya mimea hii huua vijidudu vingi, lakini wapangaji wa ndani wameshayazoea.

Antibiotiki? Tunaombwa sana. Sefotaksimu, mojawapo ya dawa hizo, haivumilii joto la otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu), hivyo hupitishwa kwenye kichujio cha mikromita 0.22 na kutiwa kwenye chakula cha mmea kikishapoa, kabla hakijaganda. Kasoro yake ni kwamba aghalabu huwazubaisha bakteria tu. Ukiiondoa wanarudi, pengine na usugu juu. Tunaiweka kwa aina adimu zisizo na mbadala.

Tunaloliamini zaidi ni mmea mama: unakaa chini ya paa na kumwagiliwa kwenye udongo, kamwe si majanini. Kisha tunachukua ncha ya chipukizi, nusu milimita au pungufu. Kila tunapohamisha, kipande cha kitako cha shina kinawekwa kwenye chakula cha bakteria na kusubiriwa. Kusubiri huko ndiko kunakochelewesha oda yako, na hatukufupishi.

Ukipokea chupa yenye wingu, usiifungue ndani ya chumba cha kuoteshea. Kama miche ilikuwa ya kupandwa moja kwa moja, itoe nje, osha agari yote mizizini uipande, mingi hupona. Kama ilikuwa ya kuzalishia, ipitishe kwenye otoklevu kwa nyuzi 121 ikiwa na kila kilichomo, kisha tutumie picha ya lebo.