Wazee wahojiwe kabla ya mnara

Mhariri,

Kigoma ikitaka kuwaenzi kwa mnara raia wa kawaida waliowahifadhi wakimbizi, itazame Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, Jerusalem. Tangu 1963 tume yake huwatambua wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi enzi za Wanazi. Wema pekee hautoshi: mtu awe alihatarisha maisha au uhuru wake, tena bila kudai malipo kama sharti. (Kupokea pesa ya chakula cha aliyefichwa si kosa.) Ushahidi mkuu ni wa aliyeokolewa mwenyewe, au nyaraka. Shahidi akifa na nyaraka hakuna, jalada huweza kukwama. Utambuzi pia huchelewa: Daktari Mohamed Helmy, Mmisri wa Berlin, alitambuliwa 2013; alifariki 1982! Basi tuanze na daftari na kinasa sauti, wazee wangali hai. Mnara utasubiri.

Msomaji,
Ujiji, Kigoma