Kaka uliyeondoka na rekodi yako

Kaka,

Niliposema mwanzo wa rekodi yako ya Carmina Burana, ile kazi ya kwaya na okestra ya Carl Orff, ni mzuri sikukudanganya sana. Piano mbili zinasikika, ngoma zina uzito. Ila ile mistari mitatu ya kwanza ikishaimbwa kwa nguvu, kwaya inatakiwa kushuka ghafla hadi mnong'ono, na kwaya yako hainong'oni. Fundi wa mitambo amesawazisha kila kitu; kunong'ona na kupaza sauti vimelingana. Nawe ndiwe uliyekuwa ukitukemea mazoezini: hapa imbeni kama wezi!

Hilo ningelimeza. Kilichonishinda ni ule wimbo wa bata maji.

Unajua kuliko mimi kwamba Orff alimwandikia teno noti za juu kupita kiasi, kwa makusudi. Anayeimba ni ndege aliyekwisha kubanikwa, anageuzwa juu ya moto huku akikumbuka ziwa alimokuwa akiogelea. Sharti ateseke. Teno wako anaimba kama bwana harusi. Nikacheka, ndiyo. Hukunijibu neno. Ukainuka, ukaitoa sidii ubeti haujaisha, ukaifuta kwa pindo la shati, taratibu, pande zote mbili, ukaitia kwenye kasha ukaenda zako. Ungenitukana ningelala usingizi.

Ukirekodi tena, nakushauri ukumbuke kwamba Carmina Burana haikutungwa iwe ya kusikilizwa tu. Tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1937 ilikuwa kazi ya jukwaani. Kwenye sidii hakuna jukwaa, basi sauti ndizo zinazopaswa kuigiza, na zikikwaruza ziache zikwaruze. Nani mwingine angekuambia hivi? Hao wanaokusifu hawajawahi kusimama nawe safu moja. Tena sikukucheka wewe. Nilikuwa nimemkumbuka kijana mmoja aliyeimba wimbo huohuo, sauti ikamkatika kwenye ubeti wa mwisho, ukumbi mzima ukanyamaza. Mpaka leo sijamsikia bata maji mwingine. Wewe unauita usiku ule aibu yako, na nahisi ndiyo maana ukamtafuta teno asiyekatika sauti.

Ningekwambia hayo palepale kama ungeningoja nimalize kucheka.

Wimbo wa bata maji ni kipande cha 12 kati ya 25. Nusu iliyobaki sijaisikia, wala sijui soprano wako aliifikiaje ile noti ya juu ya kipande cha 23. Mwavuli wako uko nyuma ya mlango.