YAH: MALALAMIKO KUHUSU RIPOTI YENU YA UPEMBUZI YAKINIFU NA MWENENDO WA MSHAURI WENU

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nazungumzia ripoti yenu ya mradi wa kubomoa mtaa wetu ili yajengwe maduka makubwa. Taratibu za kushirikisha wananchi mnazijua, mmeziandika wenyewe.

Kwenye mkutano wa wadau nilisimama kuuliza mfereji wa maji ya mvua utapita wapi, maana kwenye ramani yenu pale ulipo pamechorwa maegesho ya maduka makubwa. Mshauri wenu mwelekezi akanipokonya kipaza sauti, akasema: "Mzee, mambo ya kijamii yako kwenye kiambatisho." Kiambatisho! Sisi wenye mtaa.

Ripoti yenyewe tumeipata baadaye, kwa kuibia ibia. Kurasa kwa kurasa ni marejesho ya mtaji na bei ya ardhi kwa mita ya mraba. Mtaa wetu mmeuita "ardhi isiyozalisha". Mama lishe, mafundi gereji na wapangaji wanaolipa kodi hawazalishi? Nauliza kwa heshima: tangu lini mtaalamu wa fedha akapanga mji? Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 mamlaka ya upangaji ni halmashauri, lakini kwenu afisa mipango miji anaitwa mwishoni, apige muhuri. Na kabla hata ya mkutano vijana wenu walishapita wakichora X nyekundu za kubomoa, hadi ukuta wa msikiti. Kigamboni tuliona: mji mpya ukatangazwa 2008, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, maghorofa ya kwenye michoro yakabaki kwenye michoro.

Narudia, msije mkasema hamkuelewa. Nimesimama, kipaza sauti mkononi, majirani wananitazama, wajukuu zangu wamejazana dirishani. Hakuniomba. Alinipokonya, akacheka na mwenzake wa projekta, akabonyeza picha inayofuata. Ilikuwa ya bwawa la kuogelea.

Nadai mniombe radhi kwa maandishi. Tena radhi peke yake haitoshi: ripoti iondolewe halmashauri, na mseme wazi kama malipo yenu yanategemea mradi kupita. Nisipojibiwa ndani ya siku 14, nakwenda Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipango Miji kuuliza nani aliisaini, na wakili wetu anafungua shauri la zuio. Mkitanguliza tingatinga, mtatukuta barabarani.

Wenu,
Mkazi na mwenye nyumba

Nakala: Mkurugenzi wa Manispaa, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa