Mzee wa kahawa anasema nimemuuza

Shangazi, shikamoo.

Najua barua nyingi zinazokufikia ni za waume waliotoroka na mawifi wasiokalika. Yangu ni ya picha. Usiiweke kando kwa hilo, maana imenikosesha usingizi kuliko mume, na mume ninaye.

Mimi ni mpiga picha, mwanamke wa miaka 34, nakaa Kibokoni hapa Mji wa Kale, Mombasa. Riziki yangu ni harusi, na hasa usiku wa kupamba. Kwa msomaji asiye wa pwani, usiku huo ni wa wanawake peke yao. Bibi harusi amevaa nguo ambayo hata baba yake hataiona, shangazi zake wamevua mabuibui, hina imewafika viwiko. Mlangoni wamesimama mabanati wawili na beseni la plastiki. Kila anayeingia hutumbukiza simu yake mle, akapewa kikaratasi chenye namba. Kamera inayopita ni moja tu, yangu. Nikishazisafisha picha na kuzipanga kwenye albamu, mama wa bibi harusi huja nyumbani mwenyewe, akaketi ubavuni mwangu na kutazama nikizifuta kwenye kompyuta, folda baada ya folda. Na sheria iko naye. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi ya kuagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Sisi huku hatuandikiani, twaapiana tu.

Kwa hivyo kazi yangu nzuri kuliko zote, ile inayolipa kodi ya nyumba, haipo popote. Mtu akiniambia "tuoneshe picha zako", sina.

Ndiyo sababu mwaka 2016 nilifungua akaunti Flickr, tovuti ya kuwekea na kuonesha picha. Nilitaka nami niwe na dirisha. Alfajiri nisipokuwa na harusi nilikuwa nazunguka na kamera: milango ya Ndia Kuu, majahazi kwenye bandari ya zamani, paka wakingoja vichwa vya samaki, watoto wa madrasa wakiwa wamekumbatia misahafu. Nikirudi napakia. Nikaanza kupata watazamaji wa nchi ambazo sijui ziko upande gani wa ramani.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kahawa. Jina lake silitaji. Huyu nimemjua tangu niko kidato cha pili, anapita na dele lake la shaba na makaa chini yake, anagonganisha vikombe mkononi mpaka walio ghorofani wamsikie. Asubuhi moja nilimkuta pale ambapo jua huchomoza kati ya nyumba mbili. Amelisimamisha dele juu, kahawa inashuka kama uzi, moshi umemfanya afumbe jicho moja. Nikamwambia, "Babu, nikupige?" Akasema, "Piga mwanangu, piga." Nilipiga tano. Ya tatu ndiyo iliyotoka.

Nilipoipakia, rafiki yangu mmoja wa Tudor, naye mpiga picha, alinishauri niifungue. Kule Flickr picha isipoguswa huwa imehifadhiwa haki zote, lakini mwenyewe waweza kuchagua leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi ya watu wengine kuitumia kwa masharti unayoyachagua. Ziko za namna kadhaa. Mimi nilichagua ile inayosema mtu yeyote aitumie, hata kwa biashara, mradi ataje jina langu. Nilibonyeza vile mtu anavyobonyeza "nakubali" bila kusoma. Kweli ikasafiri. Leo imetazamwa mara 41,300 na ushei.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mjukuu wa yule mzee alipata kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Siku ya kwanza anapita ukumbi wa kulia, akamwona babu yake ukutani, mrefu kuliko mlango, anamimina kahawa karibu na meza ya matunda. Akaiona tena kwenye menyu. Jioni akamsimulia.

Mzee alikuja kwangu baada ya alasiri. Hakutaka kuketi.

"Mwanangu, siku ile ulinipiga picha ukan'ambia ni ya kumbukumbu."

"Ndiyo, babu."

"Kumbukumbu ya nani?"

Sikuwa na jibu. Akaniuliza, "Umelipwa ngapi?" Nikaapa sikulipwa hata senti. Akatazama kamera iliyokuwa mezani, akatazama friji, akasema, "Haya," akashuka ngazi.

Nilikwenda hotelini. Meneja alikuwa mpole, sitamsingizia. Alisema picha ililetwa na mtengenezaji wa mabango, naye aliitoa Google. Watu husema "Google" kama vile ni shamba lisilo na mwenyewe. Nikamfungulia ukurasa wangu kwenye simu, nikamwonesha sharti la kutaja jina. Akaniambia watabandika kistika kidogo chini, na kwa kunishukuru atanipa chakula cha mchana cha watu wawili. Nilikataa. Mamangu ananilaumu mpaka leo, asema ningemchukua yeye.

Nina binamu wakili. Alinieleza mambo mawili ambayo nayaweka hapa kwa faida ya wenzangu. Kwanza, haki ya picha ni yangu tangu kidole kilipobonyeza. Si lazima niisajili Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ingawa usajili husaidia mkifika mbele ya hakimu. Pili, ruhusa niliyoitoa hairudishwi. Nikibadilisha leseni leo, aliyeichukua picha jana na akatimiza sharti, yake ni halali. Hoteli hii haikutaja jina, kwa hivyo imevunja sharti na ruhusa yake imekatika. Naweza kuwadai. Ila kuwadai ni barua, ni nauli, ni miaka, na mimi Ijumaa nina harusi.

Nikamuuliza je, ile Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019? Maana nilikuwa nimesikia kwamba mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Nilidhani nimepata silaha. Binamu akacheka: "Sheria ni msumeno, dada. Huyo mzee uso wake aliyeuweka mtandaoni kwanza ni nani?"

Usiku ule nilisoma mengi ambayo ningeyasoma mwaka 2016. Nilisoma kwamba mwaka 2019 ilifichuka kuwa kampuni ya kompyuta ya IBM ilichukua karibu picha milioni moja za Flickr, zenye leseni kama yangu, ili kufundisha kompyuta kutambua nyuso za watu. Nilisoma kwamba kwenye tovuti ya picha za bure iitwayo Unsplash, ukiweka picha umewaruhusu watu waitumie bure hata kwa biashara, na jina lako hawalazimiki kulitaja. Huko sikuwahi kwenda, alhamdulillahi. Nilisoma pia jinsi wenye maghala haya wanavyogeuza masharti. Mwaka 2017 Photobucket, ghala jingine la picha, iliwaambia watu kwamba wakitaka picha zao ziendelee kuonekana kwenye tovuti nyingine walipe karibu dola 400 kwa mwaka. 500px, nayo tovuti ya wapiga picha, ilikuwa na soko ambapo mpiga picha anauza mwenyewe, likafungwa mwaka 2018. Flickr yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya SmugMug mwaka huohuo, na tangu 2019 asiyelipa anaruhusiwa picha 1,000 tu. Mimi nilikuwa na zaidi ya hapo, nikalia kidogo, nikaanza kulipa kwa dola.

Mamangu hesabu zake ni fupi. "Hao watu elfu arubaini, kuna hata mmoja aliyekununulia unga?"

Hapo ndipo mkanganyo wangu ulipo, Shangazi, kwa sababu yuko. Tena si wa unga tu.

Mwaka juzi mchapishaji mmoja wa vitabu vya shule huko Ulaya aliniandikia. Alitaka picha yangu ya mlango wa nakshi wa Ndia Kuu, akaniuliza bei. Nikataja yuro 150 huku mkono unatetemeka, wakalipa bila kuvutana. Picha ile nilikuwa nimeifunga, haki zote zimehifadhiwa. Ukiishia hapo utasema basi funga zote. Lakini yule mama aliyeniandikia alianza hivi: ameniona kupitia picha ya muuza kahawa. Iliyo wazi ndiyo iliyomleta kwa iliyofungwa. Sasa niitukane vipi?

Na kujifunza nako. Sijasomea upigaji picha mahali popote. Mtu mmoja wa Ureno ndiye aliyeniandikia chini ya picha yangu ya Fort Jesus kwamba bahari yangu inamwagika. Nilikasirika siku mbili, kisha nikatazama tena: kweli, mstari wa maji umeinama kushoto. Tangu siku hiyo sijapiga bahari iliyolala upande. Mwingine alinifunza kuacha kupiga saa tano mchana, maana jua letu la saa tano hulipua kila kanzu nyeupe. Mafunzo hayo yameingia mpaka kwenye kupamba kwangu. Mabibi harusi wananufaika nayo bila kujua yametoka wapi.

Isitoshe, hewa ya chumvi hapa haina huruma. Lenzi huota ukungu ndani ukizisahau msimu mmoja wa masika. Diski niliyohifadhia picha za miaka mitatu ilianza kulia tik-tik asubuhi moja, na kabla ya adhuhuri ikanyamaza moja kwa moja. Picha za milango nilizonazo leo ni zile zilizokuwa mtandaoni. Zilizobaki zimekwenda.

Nina mwenzangu wa Bamburi ambaye kwake jambo hili halina utata. Yeye hupiga watalii na wachumba ufukweni, huweka Instagram, mtu anaona, anapiga simu, anatuma nusu ya pesa kwa M-Pesa. Anachokionesha ndicho anachokiuza. Mimi ninachokionesha sikiuzi, na ninachokiuza siwezi kukionesha. Hakuna bibi harusi hata mmoja aliyenijia kwa sababu ya Flickr. Wote wamekuja kwa mdomo wa mama zao, na sifa yangu kubwa kwao ni kwamba sijawahi kuvujisha picha. Sasa habari ya hoteli imeanza kuzunguka mtaani. Wiki iliyopita mama mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Zile za binti yangu, wewe hukuziweka popote, sivyo?" Hilo lilinichoma kuliko "haya" ya mzee.

Basi nishauri, Shangazi, na wasomaji wapiga picha pia mniambie mnavyofanya. Nizitoe zote? Binamu anasema kuzitoa hakutazirudisha zilizokwisha chukuliwa. Niziache, ila niwe napakia ndogo, pikseli 1,200 upande mrefu, ambazo zikichapishwa ukubwa wa ukuta zitavunjika? Nifunge za nyuso na niache wazi za milango na majahazi? Hili la mwisho ndilo linalonivuta, lakini najua vilevile kwamba mlango haukuwahi kunipa watazamaji elfu arubaini.

La pili ni la mzee, na ndilo linalonifanya nikuandikie wewe badala ya kumwandikia wakili mwingine. Nimefikiri nimpe elfu kumi za kwangu. Nikimpa, nitakuwa nimekiri kwamba nililipwa nikaficha. Nisipompa, nimemla. Kwenda hoteli tena nikadai kwa niaba yake naona haya, na yeye mwenyewe hakunituma. Na kuna jambo ambalo nimelitambua nikiwa naandika barua hii, nikaiweka kalamu chini kwanza: picha ile imezunguka dunia, na yeye sijawahi kumpelekea hata nakala moja iliyochapishwa. Ameiona kwa maneno ya mjukuu wake tu.

Bado anapita kila jioni. Juzi nilimsimamisha, akanimiminia kikombe bila kusema neno. Nikamnyooshea shilingi kumi kama siku zote. Akatikisa kichwa, akataka hamsini, bei anayowatoza watalii. Nililipa.

Mpiga picha, Kibokoni, Mombasa