Barua kwa mwanangu anayepanda Nyandarua

Mwanangu mpendwa,

Dada yako ameniambia mnapanda Nyandarua wiki ijayo kupima ramani, na kwamba mtafika hadi kilele cha Satima. Habari hiyo ningependa kuisikia kinywani mwako. Lakini haya, kazi ni yako, na akina mama wa kanisa nimeshawaambia kwamba safari hii mlima wetu unapimwa na mtoto wetu.

Neno langu ni moja: kila asubuhi kabla hujaondoka, mwambie mtu wa huku chini unakoelekea, umtajie kwa jina analolijua yeye. Namba za GPS ni za ofisini. Ukungu ukishuka kule juu huoni hata kiatu chako, na katikati ya yale mashada ya nyasi kuna maji ya kuzamisha mguu hadi gotini. Atakayekutafuta ni mchunga ng'ombe au askari wa wanyamapori wa KWS, naye ataulizia mahali kwa jina.

Na majina yenyewe hupoteza watu. Ukisema uko mtoni Chania, Chania ipi? Ya Nyeri, au ile inayoteremka hadi Thika? Zote zinatoka mlima huohuo. Satima unayoisema, ramani zimeandika Ol Donyo Lesatima, Kimaasai. Mlima mzima yule msafiri Mzungu, Joseph Thomson, aliupa jina la Lord Aberdare miaka ya 1880, kwa kuwa bwana huyo alikuwa rais wa Royal Geographical Society, chama cha jiografia cha Uingereza, ilhali wazee waliuita Nyandarua kwa kuuona kama ngozi iliyoanikwa. Wewe usifanye kama Thomson. Uliza kwanza, ndipo uandike. Hata kijito kina wenyewe.

Ukipotea, usifuate mto kushuka. Maporomoko ya Karuru peke yake yanashuka mita 273, na upande wa magharibi maji yatakupeleka mto Malewa na ziwa Naivasha huku wenzako wakikungoja Nyeri. Kaa ulipo. Ndiyo maana nasema, taja jina.

Baba yako alikuwa upande wako tangu uliposema utasomea upimaji. Mimi nilitaka uwe mwalimu. Nashukuru hukunisikiliza, ila kwa hili la ukungu nisikilize.

Ng'ombe amezaa, ndama jike. Tangi bado linavuja, ndugu yako anasema atakuja Jumamosi, tutaona. Pesa ulizotuma nimenunulia mbegu za viazi. Mwezi huu usitume, jinunulie gambuti na sweta nzito.

Mama yako